Sauti Yangu Ilialikwa Peke Yake

Ukiishi Bunia, umeshanisikia hata kama hujawahi kuniona. Duka la dawa likifungua mlango mpya, kanisa likiita watu kwenye juma la maombi, msichana wa kusuka nywele akihama mtaa, sauti inayopita barabarani kuyatangaza hayo ni yangu. Naingiza maneno kwenye megafone, naiwasha ijirudie yenyewe, naifunga mbele ya trisikli yangu, ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, kisha nazunguka mji. Wateja wengine wananunua sauti tu. Wanaondoka nayo kwenye pikipiki zao, nami nabaki nyumbani nikimenya viazi huku nikijisikia mwenyewe napita nje ya ua, naahidi sabuni isiyo na mfano.

Kazi hii naipenda kupita kiasi. Miguu yangu ilikauka kwa polio nikiwa mtoto mdogo, na kwetu ilisemwa waziwazi kwamba huyu atakaa na bibi yake kando ya zizi la ng'ombe maisha yake yote. Leo hakuna mtaa wa mji huu ambao sijaupigia kelele. Najivuna, ndiyo. Mdogo wangu, ambaye naishi naye na ndiye hunisukuma kwenye vilima, husema Mungu alichukua nguvu za miguu yangu akazimwaga zote mdomoni. Simbishii.

Basi asubuhi moja akaja nyumbani mfanyabiashara wa mabati. Ni mtu wa Butembo, mmoja wa wale waliohamia hapa na familia zao na mizigo yao, na kila mtu mtaani anamjua kwa sababu mvua ikinyesha inapiga mabati yake juu ya vichwa vyetu. Alikaa, akakataa chai, akainywa, halafu akaniambia alichokuwa anakifanya. Alikuwa amenunua shamba kwenye barabara ya kwenda ziwani, pale ambapo nchi inakatika ghafla na Ziwa Albert linaonekana lote chini. Amejenga vibanda vya nyasi, jiko la samaki, vyoo, na jukwaa la kutazamia. Alisema siku hizi barabara inapitika, na watu wamechoka kukaa ndani wakisikiliza habari mbaya, wanataka pahali pa kwenda Jumapili baada ya misa. Wageni wa mbali watakuja wakitaka. Yeye kwanza anawataka watu wa Bunia, na watu wa Bunia mwenye kuwaita ni mimi.

Moyo wangu uliruka, nikaushika usionekane usoni. Ziwa! Nimekula samaki wa ziwa hilo tangu nilipoota meno, na sikuwa nimewahi kuliona. Si kwamba ni mbali. Ni kwamba kila mara familia au kanisa lilipokodi gari kwenda kutembea, nilisikia maneno yaleyale, tena kwa upole: weye utabaki unalinda nyumba. Nimeilinda nyumba ile mpaka nadhani kuta zake zinaniogopa.

Mwenye mabati alikuwa ameandaa maneno yake tayari, akanisomea kutoka kwenye simu. Yalikuwa maneno ya kila tangazo: njooni mujionee, pahali pa pekee, hewa safi. Nikamweleza kanuni yangu. Mimi natia chumvi kidogo, ndiyo kazi, lakini sitangazi kitu ambacho sijakionja. Ile sabuni niliogea. Dawa ya panya niliitega nyumbani kwangu nikahesabu maiti. Siwauzii watu wa mji wangu mbuzi kwenye gunia. Akacheka, akasema pahali pake hapahitaji hata maneno mengi, kwa maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kwamba kama methali hiyo ni kweli, amalize chai yake arudi dukani, na mimi nitafute kazi nyingine.

Alicheka tena, halafu nikaona macho yake yanashuka mpaka miguuni kwangu, na cheko likakosa pa kukaa.

"Lakini mama," akasema, "kule iko ngazi."

"Weye uko na gari, papa. Miye niko na sauti. Unipeleke, nikupe."

Tukakubaliana hivyo. Alipotoka, mdogo wangu akaanza kucheza pale uani na mwiko mkononi, na mimi nikapiga megafone kama ngoma. Ila jioni, nikipanga nguo, jambo moja lilinichoma. Yule papa alikuja kuialika sauti yangu. Haikumpitia hata kidogo kichwani kwamba koo hili lina mwenyewe, na kwamba mwenyewe naye anapenda kutembea.

Siku ya safari niliamka kabla ya majogoo. Nilikuwa nimesukwa upya mpaka kichwa kinaniuma, nimevaa kitenge ambacho nilikuwa nakingojezea harusi ya mtu yeyote. Mdogo wangu alikaanga mikate ya mafuta ya kutosha kulisha jeshi. Trisikli yangu ikapandishwa nyuma ya gari ikafungwa kwa kamba, nami nikaketishwa mbele, pembeni ya mwenye mabati, dirisha likiwa wazi kabisa ingawa vumbi lilikuwa linaingia kwa wingi. Niliwapungia mkono watu wote wa mtaa wetu, hata wale tuliokuwa tumekosana.

Njiani nilisema kila kitu nilichokiona, nafikiri nilimchosha. Ng'ombe wale, ni wa ukoo gani? Muhogo ule mbona haujavunwa? Kulikuwa na vizuizi vya askari, na kwenye kila kimoja mwenye mabati alishusha kioo na kusalimia kwa sauti ya kanisani. Kisha hewa ikabadilika. Ikawa inapiga kutoka mbele, ya moto kidogo, yenye harufu ambayo niliijua kwa sababu ndiyo harufu ya soko la samaki, ila hii ilikuwa safi, kama samaki kabla hajafikiria kufa. Gari likasimama. Nikauliza ziwa liko wapi, wakanionyesha kilima kidogo. Liko nyuma ya kile, wakasema. Unapanda tu.

Ngazi zilikuwa za mawe, zimepakwa chokaa pembeni, nzuri kweli. Trisikli yangu ikaachwa chini kama mbwa nje ya kanisa. Vijana wa kazi wakaanza kubishana nani atanibeba, na ubishi wenyewe ulikuwa wa heshima, kila mmoja anautaka mzigo. Mwishowe alinibeba fundi, yule mwashi aliyejenga jukwaa, mwanamume wa mabega mapana anayenuka saruji na vitunguu. Nimebebwa migongoni maisha yangu yote, naijua migongo. Huu ulikuwa mgongo mzuri. Lakini mtu aliyebebwa mgongoni anakiona kisogo cha mwenzake, hana kingine anachokiona.

Juu walikuwa wameniwekea kiti cha plastiki chenye mikono, kimefunikwa kitambaa cheupe kama cha bibi harusi. Wakanikalisha taratibu. Wote wakasogea mbele, wakasimama pembeni yangu, wakatazama.

Na mimi nikatazama. Mbele yangu palikuwa na ukuta.

Ulikuwa ukuta wa kuzuia watu wasianguke, wa matofali ya kuchoma, na kwa mtu aliyesimama ulifika kifuani. Kwa mtu aliyekaa ulifika mbinguni. Nikageuza shingo kumtazama mdogo wangu. Alikuwa ameweka mikono miwili kichwani, na machozi yanamshuka bila yeye kujua. Mara ya kwanza nililiona Ziwa Albert kwenye uso wa mdogo wangu, na naapa lilikuwa kubwa.

Akakumbuka kwamba mimi dada yake nipo. "Yaya, uko unaona?"

"Niko naona matofali."

Kwanza walidhani natania. Kisha mwenye mabati akajipiga paji la uso, akaita vijana, akawaamuru waninyanyue pamoja na kiti. Maskini, alifanya haraka sana, alitaka kuniheshimu. Wakashika miguu ya kiti, wakahesabu, wakanipandisha juu kama askofu. Kiti kikayumba. Kijana mmoja alikuwa mfupi kuliko wenzake. Nilichokiona kule juu ni wingu, kofia ya mtu, na kifo changu mwenyewe kinanikaribisha, nikafumba macho nikapiga kelele ambayo pengine ilisikika Uganda. Waliponishusha sikuwa nimeona hata tone la maji.

Sasa hasira ikanipanda. Si hasira ya kulia. Ilikuwa ile nyingine, inayonifurahisha, inayonifanya nijisikie mrefu. Nikaomba megafone yangu. Mwenye mabati akafurahi, akadhani tumerudi kwenye kazi. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikasafisha koo, nikasema hivi:

"Watu wa Bunia, muko wapi? Niko apa juu, kwa pahali mupya ya papa wa matole, ule wa mabati. Hewa iko muzuri. Samaki iko nanukia. Ziwa, wanasema iko. Mudogo wangu ameiona, amelia. Miye niko mbele ya ukuta. Matofali yenyewe iko mazuri, imeiva, hakuna yenye imepasuka. Kama weye unasimama, kuya uone ziwa. Kama weye unakaa sawa miye, kuya uone matofali."

Kisha nikaiwasha ijirudie. Megafone haina aibu. Ikasema yote tena, na tena, na upepo ukayachukua mpaka kwa wapishi wa samaki kule chini, wakaanza kucheka.

Mwenye mabati hakucheka. Aliizima mwenyewe. Akaniambia kwamba namharibia, kwamba ukuta ni kwa ajili ya watoto, mtoto akianguka pale hata mfupa hauokotwi, na kwamba matofali yale aliyachoma katika tanuru lake mwenyewe kwa sababu hakutaka pahali pake paonekane pa haraka haraka. Yote hayo yalikuwa kweli, na nilimwambia ni kweli. Halafu akasema lile lililokuwa moyoni mwake, wala hakulisema kwa ubaya. Alisema hakuwaza kuhusu sisi kwa sababu watu wa trisikli hawatembei kwenye mapahali kama yale. Umewahi kuwaona wapi?

"Hawakuje kwa sababu hawaitwe," nikamwambia. "Miye ndiye naita watu mu Bunia, papa. Nimewaita kwa sabuni, nimewaita kwa viatu, nimewaita mpaka kwa matanga. Hakuna mutu hata moja amenituma niite wenzangu."

Nilipolisema hilo nilijisikia mwenyewe, na nikashtuka, maana ilikuwa kweli na sikuwa nimewahi kuliwaza. Miaka yote hiyo nimepita mbele ya nyumba ambazo najua ndani yake kuna mtu amekaa kitandani au mkekani, nikatangaza harusi na mipira na sinema, na hakuna tangazo hata moja lililokuwa lake. Nililitangaza kwa wengine, likapita juu ya kichwa chake. Sikujua kama nilie au nifurahi, kwa sababu papo hapo niliona kazi kubwa imefunguka mbele yangu.

Basi nikamshika pale anaposhikika. Yeye ni mfanyabiashara, na mimi pia. Nikamuuliza, umeniona nimekuja peke yangu? Nimekuja na mdogo wangu, na mikate. Mtu kama mimi haendi kutembea peke yake, anakwenda na wa kumsukuma na wa kumpikia na shangazi asiyetaka kuachwa na watoto wa shangazi. Wewe unadhani umemwacha nyumbani mtu mmoja, kumbe ukoo mzima umebaki naye, kwa sababu wengine wana huruma, hawawezi kula samaki huku wa kwao analinda nyumba. Unamfungia mlango mtu mmoja na kufukuza gari zima. Niliona maneno yanamwingia kama mvua kwenye ardhi kavu, lakini bado alikuwa anautazama ukuta wake.

Aliyelimaliza jambo lile ni fundi. Muda wote alikuwa amesimama nyuma amekunja mikono, na nilidhani amekasirika, maana ukuta ulikuwa wa mikono yake. Akaja pembeni ya kiti changu, akachuchumaa mpaka kichwa chake kikawa sawa na changu, akatazama mbele.

"Ni kweli," akasema. "Ni matofali tu."

Akainuka kwenda kuchukua nyundo. Mwenye mabati akamwambia angoje kwanza. Akavua koti, akampa mdogo wangu alishike, na yeye pia akachuchumaa upande wa pili, magoti yakalia. Alikaa pale, mtu mzito mwenye mabati ya nusu ya mji, anatazama matofali ya tanuru lake mwenyewe kwa karibu. Sikusema kitu. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, mdogo wangu hulisimulia mpaka leo.

"Utoe pole pole," akamwambia fundi bila kugeuka. "Matofali isipasuke."

Waliyatoa moja moja kuanzia juu. Walipiga kwa patasi kwenye saruji, wakayapokezana, wakayapanga kando, na mwenye mabati akiyahesabu kwa macho kana kwamba ni watoto wanaoshuka kwenye gari. Mimi nilikuwa nimekamata mikono ya kiti kwa nguvu. Kwanza ulionekana ukanda mwembamba wa anga. Kisha milima ya Uganda, ya buluu, mbali sana, imelala. Kisha fundi akang'oa tofali moja na pale pakawa na maji.

Sina namna ya kulisema hili kwa utulivu. Lilikuwa ziwa! Lilikuwa limetandazwa chini kule kama nguo iliyofuliwa na kuanikwa, na halikuwa la rangi moja, huku lilikuwa jeupe kwa jua, kule la kijani, na kivuli cha wingu kilikuwa kinatembea juu yake taratibu kama ng'ombe anayerudi nyumbani. Kulikuwa na vitu vidogo vyeusi, nikauliza ni nini, wakaniambia ni mitumbwi. Watu wamo ndani, nikauliza. Wamo, wakasema. Samaki wangu wote walitoka pale! Nikacheka, nikalia, nikamshika fundi shingo kwa sababu ndiye alikuwa karibu. Matofali yakaendelea kutoka, na ziwa likaendelea kuwa kubwa, na kila nilipodhani limekwisha lilikuwa halijakwisha. Niliwaambia wasiongee. Kisha nikaongea mimi.

Tulipokula samaki na kushiba, ikawa wakati wa kushuka. Nikajiandaa kupanda tena mgongoni. Fundi akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole nyuma ya jukwaa. Kulikuwa na njia pale, pana, imeshindiliwa vizuri, inazunguka kilima kwa upole mpaka chini. Ndiyo njia waliyopitisha brueti, yale magari ya gurudumu moja, walipokuwa wanapandisha matofali na mchanga. Mwenye mabati alikuwa amepanga kupanda maua juu yake, kwa vile ujenzi umekwisha.

Nilimtazama, akatazama viatu vyake. Matofali yalikuwa na njia yake ya magurudumu, na mtu wa magurudumu akapewa ngazi. Wala hakukusudia, hilo ndilo lililonichekesha mpaka mbavu zikauma. Wakaniletea trisikli yangu mpaka juu kwa njia hiyo, nikaikalia, nikashuka mwenyewe, mikono yangu mwenyewe, upepo usoni. Nilipofika chini nikageuza nikapanda tena. Mdogo wangu aliponifuata anisukume nikamfukuza.

Tangazo jipya nililirekodi siku ileile, na hili mwenye mabati hakulipinga. Nilisema ziwa lipo, nimeliona kwa macho yangu nikiwa nimekaa. Nilisema kuna njia ya magurudumu na kuna uwazi kwenye ukuta, unawekewa vyuma mtoto asipite. Halafu nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyatafuta njia nzima ya kurudi: "Weye mwenye unabakiaka kulinda nyumba, leo funga mulango. Nyumba haina miguu, haitakimbia." Nikalipeleka mwenyewe, kila mtaa, hata zile njia za matope ambazo wateja hawalipii. Kwenye nyumba nilizozijua nilisimama nje na kuliacha lijirudie mpaka pazia litikisike.

Mwenye mabati alitaka pia kaliko, kile kitambaa kirefu cha matangazo kinachofungwa juu ya barabara kuu. Mpiga picha alikuja na sisi kilimani, kijana mwenye adabu. Alipanga mume na mke waliovaa miwani myeusi upande mmoja, na mimi upande wa pili, kisha akaomba nihamie kwenye kiti ili trisikli iondoke na picha iwe safi. Alikuwa na kitenge tayari cha kunifunika miguu. Hakuwa na kosa, ndivyo wafanyavyo studio zote. Nina picha za ubatizo, za shule, za harusi za watu, na katika zote mimi ni kichwa kinachochungulia juu ya kitambaa cha maua. Nikamwambia akitaka kuondoa trisikli aondoe na ziwa, kwa maana nimekuja na vyote viwili. Akacheka, akapiga. Picha ilitoka ninavyopenda mimi, nimekaa kwenye trisikli, mdomo wazi kabisa, ziwa nyuma. Mdogo wangu anasema naonekana kama naligombeza ziwa.

Kaliko ilipopandishwa, ubishi ukaanza. Wenzangu wa trisikli wakaja mmoja mmoja wakasimama chini yake, wakatazama, wakaja nyumbani kuniuliza kama nilibandikwa kwa kompyuta. Mmoja aliapa kwamba kivuli changu hakiendi upande mmoja na vivuli vya wale wa miwani. Mama mmoja, anayeuza mafuta ya mawese na ambaye naye miguu ilimkatalia, akaniambia usoni kwamba kazi yangu ni kudanganya watu tangu zamani. Nikawaambia wote jambo moja. Njooni mthibitishe. Hakuna tangazo linalompita mtu anayekuja kuhakikisha kwamba umedanganya.

Jumapili ya kwanza ya kufungua walikuja. Sijui niseme walikuwa wangapi, niliacha kuhesabu kwa furaha. Ndani ya malori ya mwenye mabati trisikli zilipangwa kama mafungu ya kuni, na pembeni ya kila trisikli kulikuwa na shangazi, na sufuria, na watoto wanaogombea pa kukaa. Akaja mzee kipofu na mjukuu wake wa kike aliyemweleza kila kitu kwa sauti kubwa. Wakaja watu wa miguu mizima, wengi, wenye miwani na wasio na miwani. Mama wa mawese alipanda njia ile ya brueti kwa hasira, akafika juu, akalitazama ziwa. Aliponiona aliniambia tu kwamba kivuli hakikuwa na kosa. Mwenye mabati alikuwa anakimbia huku na kule akiagiza samaki wengine, koti amelisahau mahali.

Mimi nilichelewa kupanda, kwa sababu kila mtu alitaka kunisalimia, na wengine walitaka tu kusikia sauti ile ikitoka kwenye mdomo wake. Nilipofika juu jua lilikuwa limeanza kugeuka na ziwa lilikuwa zuri kuliko siku ile. Ila sikuliona vizuri, maana penye uwazi pamejaa. Na waliojaa hawakuwa wenzangu tu. Watu walioweza kusimama kokote walikuwa wamegundua kwamba kukaa chini, ukala, huku unatazama ziwa kwa uwazi ule, ni raha kuliko kusimama kama askari nyuma ya ukuta. Wameburuta viti vyao pale. Katikati kabisa, pahali pangu, alikuwa amekaa mzee mmoja wa kofia na mke wake, na samaki wao walikuwa bado wana nyama.

Nikasogea. Nilijua kitakachofuata, kwa sababu kinafuata kila siku ya maisha yangu. Benki, hospitali, kanisani, penye mstari wowote, penye mulongo kama tunavyouita, mtu hugeuka, huona magurudumu, sauti yake inalainika, anasema mpisheni huyu mama, maskini. Na mimi hupita mbele ya wote, sijaomba, nimeshukuru.

Mzee akageuka. Akanitazama, akaitazama trisikli, akakitazama kipande chake cha samaki.

"Mama," akasema, "siye pia tulitamani hapa tangu asubui. Kuna mulongo. Ungoje kidogo tumalize."

Mdogo wangu alivuta pumzi ili amtukane. Nilimfinya mkono kwa nguvu. Uso wangu ulikuwa unawaka kwa furaha, maana sikuwa nimewahi kuambiwa ningoje kama mtu yeyote, nikaogopa kwamba nitacheka mbele ya mzee wa watu na atadhani namdharau. Nikamwambia ndiyo, papa, mukule pole pole. Nikageuza trisikli, nikaenda nyuma ya mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, nikauliza kama yeye ndiye wa mwisho.